Bi Gonga na Hindi Lililoota Ukutani

Wifi yangu hugonga vitu. Hugonga matikiti, maboga, mapapai na mananasi, kisha hutega sikio kama daktari anayesikiliza kifua, na pakikosekana tunda hugonga meza, mlango, au bega la aliye karibu. Siku nilipopelekwa kwao mara ya kwanza kama mchumba, nimevaa gauni nililohitimu nalo chuo cha ualimu, alinigonga begani mara mbili kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akamgeukia mdogo wake.

"Huyu ameiva," alisema. "Mbebe kabla hajaanguka."

Baba mkwe wangu alicheka hadi akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuja kucheka miaka ishirini baadaye, peke yangu, nikimenya viazi, na nilicheka mpaka kisu kikanidondoka.

Sokoni wanamwita Bi Gonga. Kwa muda mrefu watu walioniuliza wifi yangu anafanya kazi gani niliwajibu kwamba yumo katika biashara ya mazao. Sikusema uongo. Anauza mboga na matunda kwenye meza namba kumi na tisa, mkono wa kushoto ukiingia kwa mlango wa nyuma, na amekuwa nyuma ya meza hiyo tangu ana miaka kumi na miwili. Naandika habari zake kwa sababu watoto wa ukoo wameanza kukisimulia kisa cha hindi vibaya, na mmoja wao, kwa heshima zake, ameniondoa kabisa ndani yake. Heshima ya namna hiyo siitaki. Kisa ni cha Bi Gonga, lakini hindi ni langu.

Nianze na jinsi alivyoacha shule, maana huko ndiko kulikoanza yote.

Alipokuwa darasa la sita, mwalimu wao alichora ubaoni mmea wa karanga, karanga zikining'inia matawini kama zabibu. Msichana akaanza kucheka. Mwalimu akamwuliza kinachomchekesha.

"Mwalimu, hizo karanga zimepanda juu kumtafuta nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Akatolewa nje. Huko nje akaendelea kucheka, na darasa la jirani likaambukizwa, na la tatu likafuata, hata mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna moto. Akaambiwa aende nyumbani, arudi na mzazi. Hakurudi yeye wala mzazi, kwa sababu baba yake aliposikia kisa hicho alicheka kuliko shule nzima, akamvika aproni na kumweka mezani. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, na nasema wazi kwamba lilikuwa kosa. Ningekuwa mwalimu yule ningefuta zile karanga na kumpa huyo mtoto chaki.

Dirishani siku hiyo alikuwapo mdogo wake, mtoto wa darasa la tatu aliyependa kuchora. Ndiye aliyekuja kuwa mume wangu. Aliniambia kwamba aliapa palepale hatachora mmea wowote maishani bila kumwuliza dada yake kwanza, na alikishika kiapo hicho miaka arobaini. Dada mtu alimwita Penseli, na sijui kama alikuwa akikumbuka jina lake halisi.

Meza namba kumi na tisa ina desturi moja ambayo sijaiona kwenye meza nyingine. Kokote kule, chungwa lenye doa hulazwa doa likiwa chini. Kwa Bi Gonga doa humtazama mnunuzi. Nyanya yenye ufa hugeuzwa ufa uonekane, kabichi lililotobolewa na mdudu huwekwa tundu likiwa mbele kama kifungo cha koti. Baba yao ndiye aliyeanzisha, akiamini kwamba mteja akiuona ubaya hapohapo hana la kugundua akifika nyumbani. "Kasoro mbele," huambiana wakipanga mzigo asubuhi. Wengine sokoni huwacheka, lakini meza yao ndiyo humaliza mzigo kwanza.

Mume wangu aliibeba desturi hiyo hadi kazini kwake. Aliajiriwa na makumbusho kunakili michoro ya kale, na kazi yake kubwa ilikuwa ukuta mmoja. Ulikuwa katika ukumbi wa nyumba kuukuu ya tajiri fulani aliyekufa miaka mia saba iliyopita, na tajiri huyo alikuwa amependa chakula, kwa sababu ukuta mzima ulichorwa bustani, mashamba na mabakuli ya matunda. Mume wangu alikaa mbele yake misimu miwili na penseli na rangi za maji. Penye ufa alichora ufa. Penye rangi iliyopauka, alipausha. Alijaza karatasi mia moja na kumi na mbili. Ni vizuri alifanya hivyo, maana mwaka wa tatu mvua iliangusha paa, na paa likaangusha ukuta, na leo ukuta ule ni vikapu kumi na viwili vya vipande vya lipu vyenye rangirangi. Karatasi za mume wangu ndizo ukuta.

Alipofariki nilizikabidhi makumbusho. Sikuzikabidhi hivihivi. Nilizipanguza vumbi, nikanyoosha pembe zilizokunjamana, nikafuta alama za vidole na madoa ya chai. Mume wangu alikuwa mnywaji wa chai asiye na breki, na sikutaka mtu aseme kwamba alikuwa akifanya kazi ya watu kikombe kikiwa mkononi.

Mwaka jana makumbusho wakaamua kuandaa maonyesho ya karatasi hizo, wakamleta mtaalamu wa mimea kuzisoma. Alikuwa msichana mwembamba, daktari wa chuo kikuu, mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni kwa uzi mwekundu. Walinzi walimwita Bi Lenzi hata mbele yake, naye aliitika.

"Mama," aliniambia siku ya kwanza, "mbegu huoza, na vitabu vingi vya kale viliandikwa na watu ambao hawakushika jembe. Lakini mchoraji alichora alichokiona mezani. Ukitaka kujua mmea ulifika lini na ulikuwa na sura gani, tazama picha."

Akanionyesha. Karoti za ukuta wetu zilikuwa za zambarau, na nyingine za njano, maana ile ya rangi ya machungwa tunayoijua ni mgeni wa karne za karibuni. Biringanya zilikuwa nyeupe, ndogo, kama mayai yaliyotagwa kwenye majani. Nilikuwa nimezitazama karatasi hizo maisha yangu yote ya ndoa nikidhani mume wangu aliishiwa rangi! Bi Lenzi aliruka kutoka karatasi hadi karatasi kama mtoto kwenye duka la peremende, akipiga makofi kila alipoona kunde. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara kama niliyepandishwa cheo.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, aliniita ofisini. Lenzi aliikumbatia kifuani, na hakuruka.

"Mama, kuna karatasi ya sabini na tatu."

Aliiweka mezani. Ilikuwa na suke kubwa la njano, limezungukwa na jani chini yake, punje zimepangwa safu kwa safu.

"Hindi," nilisema. "Zuri sana."

"Ndiyo, Mama. Ni hindi. Ila mahindi yalivuka bahari kuja upande huu wa dunia miaka mia tano hivi iliyopita, na ukuta una miaka mia saba."

"Basi ukuta ulipata habari mapema."

Hakucheka. Alinieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wazazi habari za mtoto aliyefeli. Ukuta haupo tena wa kuulizwa. Kama hindi halikuwa ukutani, limetoka kwa mnakili. Na suke hilo limekaa kileleni mwa bua, mahali ambapo hindi haliwi, jambo linaloonyesha kwamba mnakili hakujua shamba, alibuni tu kwa kichwa. Aliyebuni karatasi moja anaweza kuwa amebuni nyingine. Kwa hiyo karoti, biringanya na kunde zote hazitaaminika, na kibao cha mlangoni kitalazimika kusema hivyo. Maneno yenyewe alikuwa ameshayaandika: "Mnakili aliongeza vitu kwa kubuni." Vibao vilikuwa vinakwenda kwa mpiga chapa Alhamisi saa sita mchana, na maonyesho yalikuwa yanafunguliwa Jumamosi.

Katika familia yetu wamo walioshindwa mitihani, na yumo aliyetumbukia kisimani akiwa na suti ya harusi. Mwongo wa kazi hayumo. Nilikwenda nyumbani nikapekua kila droo, kila bahasha, hata mifuko ya makoti yake, nikitafuta kijikaratasi chochote cha kumtetea. Nilipata vifuniko vinane vya kalamu na risiti ya majani ya chai.

Nilikuwa nimeamua kwamba Bi Gonga asiambiwe. Sauti yake akiwa mezani husikika hadi kituo cha mabasi, na jambo la aibu halihitaji kipaza sauti. Lakini mlinzi wa makumbusho hununua nyanya meza namba kumi na tisa. Jumanne saa tatu asubuhi simu yangu ililia.

"Wifi! Nasikia Penseli kapanda mahindi!"

"Wifi, tafadhali, usipige kelele."

"Sipigi kelele. Hii ndiyo sauti yangu ya chini. Kwa nini sikuambiwa?"

"Sikutaka kukusumbua na kazi zako."

"Ulitaka kunificha kama doa la chungwa. Kesho uje na hilo hindi lako nilione. Uje kabla ya saa nne, baadaye nina wateja wa hoteli."

Jumatano nilikwenda, picha ya karatasi ya sabini na tatu ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya mkoba, na mkoba kwapani. Bi Gonga alikuwa amesimama kwenye kreti lake, maana ni mfupi, akigeuza embe moja moja ili makovu yaonekane. Mume wake, fundi mizani, alikuwa nyuma yake akifungua skrubu za mizani. Sikio lake la kushoto halisikii, na Bi Gonga husema hadharani kwamba hiyo ndiyo siri ya ndoa yao.

Nilimpa picha. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaigonga kwa kifundo na kutega sikio.

"Imelia vibaya."

"Karatasi hailii, wifi."

"Hii imelia. Nani kachora?"

"Mdogo wako."

"Hapana." Alisema kama mtu anayekataa nyanya mbovu. "Bua kachora yeye. Jani kachora yeye, huo ni mkono wake. Lakini punje hizi kachora mtu mwingine. Mtu anayeyajua mahindi yakiwa sahanini tu, hajavunja hata moja shambani. Na tazama zilivyojipanga! Safu, safu, safu, kama wanafunzi wa asubuhi wakisubiri kukaguliwa kucha. Aliyechora alikuwa mwalimu, nini?"

Mwanamke aliyekuwa akichagua biringanya alicheka. Mimi nilihisi jasho nyuma ya masikio, na sikujua ni kwa nini.

"Zunguka uje huku," Bi Gonga aliniambia. "Mume wangu, inua vitunguu!"

"Nini?"

"VITUNGUU!"

Fundi mizani aliinua gunia. Chini ya meza kulikuwa na mkebe mkubwa wa biskuti, mfuniko umefungwa kwa kamba. Ulipofunguliwa, harufu ya vitunguu ya miaka ishirini ilitupiga usoni, na ndani yake kulikuwa na mamia ya vipande vya karatasi, vyote vya mkono wa mume wangu.

Sikuwahi kuvijua. Misimu yote miwili ya ukuta, kila jioni kabla ya kuja nyumbani, alipitia sokoni na michoro yake ya haraka, akaiweka juu ya viazi na kumwuliza dada yake, "Hiki ni nini?" Akijibiwa aliandika jibu nyuma. Kisha akaacha kipande palepale, kwa sababu, kama alivyosema, mahali pa mmea ni sokoni. Nilidhani alikuwa akichelewa kwa ajili ya chai!

Bi Gonga alipekua kwa vidole viwili kama anayechambua mchicha. "Kunde. Kunde. Boga. Hili tuligombana siku mbili. Haya, hiki hapa."

Lilikuwa suke lilelile, na bua lilelile, na jani lilelile. Lakini halikuwa na safu. Lilikuwa jembamba zaidi, lenye manyoya, limejaa unga wa njano, na ubavuni lilikuwa na upara, kama kichwa cha mzee. Juu ya upara kulikuwa na wingu la penseli ya rangi ya chai, na chini ya wingu vijiguu viwili vyembamba vimeshikilia suke. Nyuma, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, kulikuwa kumeandikwa: "Dada asema ni uwele, umechanua, huo unga ni chavua. Ndege ameula ubavu mmoja. Ndege mwenyewe amefifia sana ukutani. Nichore kivuli chake na miguu tu, nisimwongezee kitu."

Niliketi juu ya vitunguu.

"Wifi! Umepatwa na nini?"

"Chai," nilisema.

"Nikuagizie?"

"Ile haikuwa chai."

Nikamweleza, kwa sauti ya chini kabisa. Miaka mitatu nyuma, nikizisafisha karatasi mezani kwangu, nilikuta kwenye ile ya sabini na tatu doa la kahawia lenye vitone viwili. Nikasema, huyu mtu na chai yake! Nikalifuta kwa chembe laini za mkate, kama alivyonifundisha mwenyewe, na nilipomaliza doa, chini yake kukatokea upara. Nikadhani nimekwangua rangi yake. Nikaingiwa na hofu, nikatoa kisanduku chake cha rangi, nikachukua brashi, nikajaza upara. Na kwa kuwa niliamini ni hindi, nilitia punje za hindi, tena nikaongeza kidogo hadi ukingoni ili zifanane. Nilizipanga vizuri sana. Nilijivunia safu zile. Kisha, nina hakika, nilijisahaulisha.

Bi Gonga alinitazama. Midomo yake ilianza kutetemeka. Akashika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo wewe..." alisema. "Umemfuta ndege... ukapanda..."

Hakumaliza. Kicheko kilichomtoka sijapata kukisikia tena. Aligonga meza kwa ngumi zote mbili, na piramidi ya machungwa ikaanza safari, machungwa yakashuka moja baada ya jingine yakikimbilia kwa wauza samaki, na mwanamke wa biringanya akayakimbiza, na fundi mizani akauliza "Nini? Nini?" na hakuna aliyeweza kumjibu. Na mimi, mjane mwenye shahada, nikiwa nimekalia gunia, nilianza kucheka pia. Tulicheka tukashikana, tukalia, tukafutana machozi kwa aproni yake iliyonuka kotimiri.

Tulipopata pumzi alinigonga goti.

"Usijali. Kesho tunawapelekea kipande hiki. Kuhusu hindi, tutasema panya."

"Panya hachori, wifi."

"Basi watoto. Au nitasema ni mimi, nilikuwa nacheza. Mimi sina jina la kupoteza, wewe unalo."

Alimaanisha. Nilirudi nyumbani nikilifikiria neno hilo njia nzima, na nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona shimo lililokuwa mbele yetu. Kile kipande peke yake kilithibitisha kwamba mume wangu alijua ni uwele. Basi mtu atauliza: kama alijua ni uwele, kwa nini akachora hindi? Hapo asingekuwa mtu aliyekosea, angekuwa mwongo kamili. Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu duniani, na jibu hilo lilikuwa limevaa viatu vyangu.

Alhamisi saa nne tulifika makumbusho. Nilikuwa nimemwomba Bi Gonga avae kitu cha heshima, naye akavaa aproni mpya. Mkono mmoja alibeba masuke matano ya uwele aliyoletewa na mkulima wake, mwingine alikumbatia tikiti la kilo nane, kwa sababu hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mhifadhi mkuu, bwana mwenye tai na sauti ya maktaba, alilipokea tikiti bila kujua aliweke wapi, akalipakata muda wote wa kikao.

Bi Gonga hakungoja kukaribishwa.

"Mwanangu," alimwambia Bi Lenzi, "wewe umesema suke limekaa kileleni kwa sababu mchoraji hajui shamba. Hindi hukaa ubavuni mwa bua kama mtoto mgongoni. Kinachokaa kileleni hivi ni hiki." Akampa uwele. "Shika. Papasa. Hilo jani hapo chini si ganda, ni jani la mwisho, suke hutokea ndani yake. Likichanua hujaa chavua, huwa la njano kama limepikwa kwa manjano. Na ndege hulipenda kuliko wewe unavyoipenda hiyo lenzi yako."

Kisha akaweka kile kipande mezani. Bi Lenzi alisoma mbele, akasoma nyuma, akasoma mbele tena. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Uwele," alisema. "Uwele naweza kuuamini ukutani. Huo ni wa kale huku kwetu." Halafu akaniangalia, na swali likaja, lilelile. "Lakini Mama, kama alijua hivi, kwa nini kwenye nakala safi akachora hindi?"

Mhifadhi mkuu alitazama saa. Bi Gonga akavuta pumzi.

"Panya..." alianza.

"Nilichora mimi," nilisema.

Nilisimama, maana nimezoea kusema nikiwa nimesimama. Nilieleza yote: chai, mkate, kisanduku, brashi, safu. Sikupunguza kitu. Nilisema mume wangu hakuongeza kwenye karatasi zile hata nukta moja, na kwamba kilichoongezwa kimeongezwa na mke wake, mwalimu mstaafu, kwa kulinda jina lake. Nilipomaliza, mhifadhi mkuu alikuwa akilipapasa tikiti bila kujijua.

"Mama," Bi Lenzi alisema polepole, "ulifuta kwa mkate tu? Hukukwangua?"

"Kwa mkate tu."

Alichukua karatasi ya sabini na tatu kwa mikono miwili, akaenda dirishani, akailaza hadi mwanga ukapita juu yake kwa ubavu. Akaweka lenzi jichoni. Akainama. Akainama zaidi.

Kisha akaruka.

"Miguu! Miguu ipo! Mama, penseli imefutika lakini alama yake imebaki kwenye karatasi, imechimba, njooni, njooni mwone!"

Tukajazana dirishani wote wanne, na tikiti wa tano. Na kweli, kwenye mwanga ule wa kulala, chini ya mahindi yangu, vilionekana vijifereji viwili vyembamba, vidole vitatu vitatu, vimeshikilia suke. Mume wangu alikuwa mkandamizaji mkubwa wa penseli. Nilimlaumu kwa hilo miaka yote, kwa jinsi alivyotoboa daftari za nyumbani. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Bi Lenzi akanikumbatia na lenzi yake ikanichoma shingoni, na Bi Gonga akampiga mhifadhi mkuu mgongoni kwa furaha, nusura aliangushe tikiti.

Bi Lenzi alihesabu punje zangu kwa lenzi. "Thelathini na tisa. Rangi ni nzito kidogo, brashi ni pana zaidi. Ningeziona mapema kama ningetafuta mikono miwili badala ya mmoja. Lakini Mama, kusema kweli, una mkono mzuri."

"Asante, mwanangu."

"Usimtie moyo," Bi Gonga alisema. "Zimebaki karatasi mia moja na kumi na moja."

Zilikaguliwa zote kabla ya saa sita, kwa mwanga wa ubavu, nami nikiwa nimesimama pembeni kama mtuhumiwa. Nilikuwa nimefuta madoa tisa. Manane yalikuwa chai.

Kibao cha zamani hakikwenda kwa mpiga chapa. Jumamosi asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, tulikuta mhifadhi mkuu ametundika uwele wa kipande cha sokoni mahali pa heshima, na karatasi yenye mahindi yangu ameipeleka kwenye kona ya nyuma, karibu na kizimamoto. Alifanya hivyo kwa wema, ili anisitiri. Nilimshukuru. Kisha nikamwomba azibadilishe.

"Una hakika, Mama?"

"Kwetu kasoro hukaa mbele," nilisema, na nikaona Bi Gonga akigeuka upande kujifanya anasoma ukuta.

Kwa hiyo mgeni akiingia leo hukutana kwanza na hindi langu, na kando yake kile kipande kinachonuka vitunguu hata ndani ya kioo, na katikati kibao: "Uwele uliochanua na ndege aliyefifia. Mnakili alichora alichokiona, bila kuongeza. Punje thelathini na tisa za mahindi ni za mke wake. Mmea ulitambuliwa na dada yake, muuza mboga, meza namba kumi na tisa."

Watu walijazana mbele yake mchana ule kuliko mbele ya karoti. Bi Gonga alijipenyeza hadi mbele, akainua mkono, na kabla sijamzuia akagonga kioo mara mbili na kutega sikio.

"Sasa imelia," alisema.

"Bi Gonga!" mlinzi alipiga kelele kutoka mlangoni. "Vioo vya makumbusho havigongwi!"

"Nyamaza wewe, nyanya zako nimekuwekea."

Bwana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa karibu nami, aliniinamia na kuuliza kwa kunong'ona yule mama mwenye aproni ni nani.

"Ni wifi yangu," nilimwambia, na sikunong'ona. "Anauza mboga."